Slovenia Hatuna Mtu

Ninaandika haya sebuleni kwangu, ghorofa ya kumi na moja karibu na kituo cha treni cha Kipling, hapa Kanada, na masufuria makubwa ya Umoja wetu, chama cha sisi watu wa nyumbani tunaoishi huku, yako bafuni, ndani ya beseni la kuogea. Ukitaka kuoga kwangu siku hizi, sharti uyatoe kwanza uyapange koridoni, uoge, kisha uyarudishe. Viti vya plastiki viko nyuma ya kochi. Spika iko chini ya kitanda, upande wa mume wangu Urbanus, maana yeye ndiye mwenyekiti na ni haki yake kuilalia. Watu wakiuliza imekuwaje, ninawajibu neno moja tu, Slovenia, nao wanacheka wakidhani natania.

Wa kulaumiwa, au wa kupongezwa, bado sijaamua, anaitwa Asumpta. Ni mtu wa Songea, mrefu, mpole, ana miaka hamsini na kitu, anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini kati na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Misa yetu ya Kiswahili. Hajaolewa na hana mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, mimi ni Mama Japhet, na kwa kuwa yeye hakuwa na mtoto wa kumpa jina, tukamwita Anti. Wote tulimwita hivyo, hata Mzee Zephania ambaye ana wajukuu na angeweza kumzaa. Na mtu akishakuwa Anti wa kila mtu, amekwisha.

Kilichommaliza ni maneno mawili: ana nafasi. Gari kubwa la viti vinane alilinunua kwa mkopo wake mwenyewe mwaka ule kwaya ilipoalikwa kuimba Ottawa, na tangu Ottawa gari hilo halikuwa lake tena. Mgeni wa nani anatua uwanja wa ndege wa Pearson? Anti atampokea, ana nafasi. Mama wa nani ana miadi hospitali na hajui Kiingereza? Anti atampeleka, na akifika atakaa naye ndani awaeleze madaktari, kwa heshima zote, habari za tumbo la mtu ambaye hata si ndugu yake. Chumba chake cha pili kiligeuka stoo ya Umoja. Masufuria, viti, spika, bango la sherehe za Uhuru, vyote vilikaa humo, na mwanafunzi mpya akifika kutoka nyumbani bila pa kulala alitandikiwa godoro katikati ya viti. Wengine tuna vyumba vitatu, lakini vyumba vyetu vina watu ndani yake, si unaelewa.

Likizo zake pia zilikuwa mali ya umma. Mwaka mmoja alimsindikiza mama mgonjwa mpaka Dodoma akarudi peke yake. Mwaka mwingine alilea kichanga cha Elinaza, katibu wetu, ili Elinaza arudi kazini. Mwaka mwingine tena alisimamia harusi ya mpwa wangu kuanzia kitchen party mpaka kuosha vyombo, na ndoa yenyewe haikumaliza hata mwaka, kwa hiyo likizo ile ilipotea bure kabisa. Tangu afike Kanada hakuwahi kuchukua hata siku moja ya mapumziko isiyokuwa na jina la mtu mwingine.

Sasa, siku moja ya theluji tulikuwa tunarudi kutoka kununua unga wa sembe, yeye anaendesha, mimi nimeshika mayai. Tulipofika kwenye taa nyekundu akasema, bila kunitazama, kwamba alitaka kitu kimoja tu kabla hajazeeka. Alitaka wiki mbili. Wiki mbili za kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna mtu anayemjua, anywe chai yake, atembee, na simu isilie. Nikamwambia nitamwombea. Halafu nikamkumbusha kwamba Jumamosi kuna mgeni wa mume wangu uwanja wa ndege.

Majira yale yale ya baridi akaanza tabia ya kuuliza maswali. Tulikuwa tukikusanyika kwenye ukumbi wa chini ya jengo letu kumenya ndizi za sherehe au za msiba, inategemea wiki, naye katikati ya maganda anauliza taratibu: hivi Poland tuna mtu? Watu walifurahi kuulizwa. Tunaye, tunaye, mtoto wa kaka yake Elinaza anasomea udaktari huko, chukua namba yake. Wiki nyingine akauliza Hungary, tukampa jina la kijana mwenye saluni. Akauliza Malta, tukampa padre. Akauliza Iceland, na hapo Zephania akahesabu kwa vidole tukadhani amekwama, kisha akakumbuka kwamba binti wa jirani yake wa zamani wa Moshi ameolewa na fundi bomba huko. Nchi nzima ya barafu, na mtu wa Moshi ameshafika. Kila alipopewa jina Asumpta alishukuru, akainama, akaendelea na ndizi zake.

Mwishoni mwa Februari akauliza Slovenia. Watu wakatazamana. Zephania, ambaye anajivunia kuwa na mtu kila kona ya dunia, alikuna kidevu, akatazama dari, akampigia simu mkewe, mwishowe akakiri kwa aibu kama mwenyeji aliyeishiwa sukari: Slovenia hatuna mtu. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya Asumpta. Aliacha kumenya, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu peke yake.

Siri haikudumu, kwa sababu kwenye kwaya yetu huwezi kukosa Jumapili mbili bila kutoa sababu. Akamwendea Elinaza, ambaye ndiye katibu wa kwaya pia, kuomba ruhusa ya mwezi wa sita. Elinaza akamuuliza kama ni msiba. Akasema hapana. Harusi? Hapana. Ubatizo, komunyo, upasuaji? Hapana, anakwenda kutembea tu.

“Una nani huko?” akauliza Elinaza.

“Sina mtu.”

Elinaza alinihadithia jibu hilo kwenye simu kwa sauti ya chini, namna watu wanavyotaja jina la ugonjwa mbaya. Kufikia jioni Etobicoke yote, mtaa wetu huu, ilikuwa na habari, na Mississauga, mji wa jirani, walikuwa wameanza kupiga kuuliza. Zephania alisema ni mwanamume, tena wa kwenye mtandao, na siku hizi matapeli wanajifanya wafuga nyuki. Elinaza alisema ni matibabu ya siri. Mume wangu hakuwaza mwanamume wala ugonjwa. Yeye aliwaza masufuria, kwamba kama huyu anahama kimyakimya, vyombo vya Umoja vitakwenda wapi. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa Kiingereza, alituangalia sote akasema, “Maybe she just wants to be alone, Mom.” Nikamwambia anyamaze, asimzulie Anti mambo ya ajabu. Kuwa peke yako kwa hiari, kwetu, bado ni dalili ya kitu kingine.

Basi tukamwita. Tuliliita jambo lenyewe kumuaga, ila kila mtu alijua ni kuhojiwa. Kulikuwa na soda, sambusa, na Urbanus akafungua kwa sala na hotuba ndefu juu ya usalama wa mwanamke anayesafiri, ingawa yeye mwenyewe akienda Montreal hupotea. Kisha Asumpta akasimama. Alitakiwa kutueleza ni sababu gani za msingi zinampeleka mtu mwenye akili timamu katika nchi ambayo haina ndugu, haina jamaa, haina hata mtu wa kumpelekea kifurushi.

Na hapo ndipo alipokosea. Angesema ni matibabu tungemwombea, tukamwacha aende. Badala yake akatueleza ukweli, na aliueleza vizuri mno.

Alisema ni nchi ndogo, sehemu kubwa yake ni msitu, na unaweza kutembea asubuhi nzima usikutane na mtu. Alisema katikati ya mji mkuu wao, ambao jina lake sitajaribu hata kulitamka, magari yamezuiwa. “Hakuna magari,” akarudia polepole. “Huwezi kumpeleka mtu popote.” Alisema kuna ziwa lenye kisiwa kimoja na kanisa moja juu yake, na huwezi kukifikia ila kwa boti ya kupigwa kasia. Alisema wanafuga nyuki na wanapaka mizinga yao rangi na kuichora picha, na hapo sauti yake ikalegea, kwa sababu baba yake pia alikuwa na mizinga. Mwisho akatuhadithia mnyama anayeishi ndani ya mapango ya huko, mweupe, hana macho, anakaa gizani miaka na miaka, anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula. “Na hakuna anayemuuliza kitu,” akasema.

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mimi nilikaa pale na sambusa yangu nikijiuliza kama kuna mwingine aliyesikia nilichosikia. Hakuwepo. Wao walisikia ziwa, kisiwa, kanisa na asali. Elinaza alikuwa tayari amesimama.

“Anti, mahali pazuri hivi unaenda peke yako kama mtu aliyefukuzwa kwao? Actually, mimi nina likizo mwezi wa sita. Tukusindikize.”

Kwetu mgeni akiondoka hauishii kumuaga mlangoni. Unatoka naye, unamfikisha njia panda, na kama mazungumzo ni matamu unajikuta umefika naye kwake. Ni desturi nzuri na siikatai. Lakini sidhani kama wazee walioianzisha walifikiria kumsindikiza mtu mpaka ng'ambo ya Atlantiki. Urbanus aligonga meza, akasema hoja imepita, kamati ya safari iundwe, yeye awe mwenyekiti wake. Zephania akasema nchi isiyokuwa na mtu wetu ni aibu kwa Umoja na inabidi irekebishwe.

Asumpta alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani. Naapa nilimwona akipauka. Akasema, “Jamani, si lazima.” Hilo nalo lilikuwa kosa. Kwetu mtu akisema si lazima, maana yake endelea kumbembeleza. Tukambembeleza.

Miezi iliyofuata sitaieleza yote. Kamati ilikutana mara nyingi kuliko bunge, na kikao kirefu kuliko vyote kilihusu sare. Elinaza alitaka kitenge cha kijani kwa sababu ya misitu, mimi nilitaka zambarau kwa sababu kijani hakinipendezi, tukagombana, tukanuniana kanisani, mwisho tukashona rangi zote mbili. Kuhusu nchi yenyewe hakuna aliyesoma hata ukurasa. Zephania alidhani inapakana na Urusi akanunua soksi za sufu.

Asumpta, wiki mbili za mwanzo, alikuwa kimya mpaka nikaogopa. Nilijaribu kumtia moyo, nikamwambia achangamke, ni heshima kubwa watu kumpenda mtu namna hii. Akaniambia, “Wananipenda, Mama Japhet?” Nikamwambia sana. Akatikisa kichwa. Halafu ghafla, baada ya Pasaka, akabadilika. Akaanza kutusaidia. Yeye ndiye aliyetutafutia nyumba ya kupanga karibu na ziwa, yenye jiko kubwa. Yeye ndiye aliyetuwekea tiketi zetu kwenye simu zetu na kutufundisha pa kubonyeza. Akapimwa sare, ikashonwa, akaijaribu mbele yetu, ikamkaa vizuri. Tiketi yake mwenyewe alikuwa ameinunua siku nyingi kabla ya kamati, kwa hiyo ilikuwa ya siku mbili baada yetu. Hilo halikumtia mtu wasiwasi.

Siku ya safari alitupeleka Pearson na gari lile lile, akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka sote tukafika. Alibeba masanduku. Ndani ya masanduku hayo kulikuwa na sembe, dagaa, mwiko na chupa za chai, maana huwezi kujua. Pale mlangoni akatukumbatia mmoja mmoja, na mimi alinishika kwa muda mrefu kidogo. Elinaza akalia. Urbanus akamwambia asichelewe.

“Tangulieni,” akasema Asumpta.

Nchi yenyewe ni nzuri. Sina budi kusema hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu watu wananiuliza. Milima inaota moja kwa moja kutoka nyuma ya nyumba za watu, maji ya ziwa yana rangi ambayo kwenye kitenge ningesema wamezidisha, na kuna keki ya krimu ambayo Urbanus aliila mpaka nikamwonea aibu. Watu wake ni wastaarabu, wanakusalimu bila kukuchunguza. Ndiyo, ungekwenda mtu mmoja mwenye akili zako, ungefaidi. Sisi tulikwenda kwa kamati.

Siku ya kwanza hakuna aliyetoka nje kabla ya saa sita kwa sababu hakuna aliyewaamsha wenzake, na kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine. Ufunguo wa nyumba ulipotea, kumbe ulikuwa kwenye kiatu cha Zephania. Tulikodi gari kubwa kisha ikagundulika kwamba hakuna aliyewahi kuendesha kitu kikubwa hivyo, maana tumezoea kukaa nyuma na kutoa maelekezo. Elinaza alitumwa dukani kununua vitunguu akapotelea upande wa pili wa ziwa, akarudi jioni na mtalii wa Kijapani aliyemwonea huruma. Tulipika ugali kila siku. Sufuria la nyumba ile lilikuwa dogo, tukapika kwa zamu, tukala kwa zamu, tukanuna kwa zamu. Kila baada ya muda mtu mmoja alikuwa anasema maneno yale yale: Anti akifika. Anti akifika ataendesha. Anti akifika atawauliza kwa Kiingereza kizuri mbona maji ya moto hayatoki. Nilihesabu ni mara ngapi nilisikia jina lake bila mtu kusema amemkumbuka, nikaacha kuhesabu.

Siku aliyotakiwa kutua hakutua. Kesho yake mvua ikanyesha, nasi tulikuwa tumejipanga kwenye ukingo wa ziwa na sare zetu za kijani na zambarau, tumelowa, tukingoja boti ya kwenda kwenye kile kisiwa. Kuna kengele huko kanisani, ukiipiga na kuomba jambo wanasema unalipata. Zephania alikuwa ameshatangaza kwamba yeye ataomba Anti apatikane. Urbanus akaona aibu kumsumbua Mungu kwa jambo linaloweza kufanywa na simu. Akampigia, akaweka sauti ili wote tusikie, tukajibana chini ya mwavuli mmoja.

Simu iliita sana. Akapokea.

“Anti, uko wapi? Ndege yako imetua tangu jana.”

“Nipo nyumbani, shemeji.”

“Nyumbani wapi?”

“Kipling.”

Urbanus akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, yuko vizuri, amelala mpaka saa nne. Elinaza akaingilia kwa sauti kwamba ametuangusha, kwamba sare yake tunayo kwenye sanduku, kwamba huku ndiko alikotaka kuja mwenyewe, sababu zote alizitoa yeye kwa mdomo wake mbele ya watu wote. Asumpta akamsikiliza mpaka akamaliza. Tulisikia akinywa kitu, chai nafikiri.

“Nilitafuta nchi ambayo hatuna mtu,” akasema. “Slovenia sasa tuna watu wengi. Etobicoke ndiyo hatuna mtu.”

Akatutakia safari njema, akasema tusisahau kuiona mizinga ya nyuki, akakata. Mwenye boti alikuwa anatungoja na kofia yake mkononi. Tulipofika kisiwani, kwenye kengele, kila mtu alisema mwingine atangulie. Mimi nilikuwa na hasira ya kweli. Nilikuwa nimevaa zambarau iliyolowa, katika nchi ambayo sikuichagua, nikimsindikiza mtu ambaye hakuja.

Tuliporudi hapakuwa na mtu wa kutupokea Pearson. Tulisimama pale mlangoni na masanduku yetu tukitazama barabara, kwa mazoea, tukilitafuta gari la viti vinane. Baadaye tukapanda teksi. Nilipofika ghorofa ya kumi na moja na lifti ikafunguka, nikayaona masufuria. Yalikuwa yamepangwa mbele ya mlango wangu, makubwa chini, madogo juu, yameoshwa yanang'aa. Viti vilikuwa vimefungwa kwa kamba. Bango la Uhuru lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya spika pamoja na mtungi mmoja wa asali. Si ya Slovenia, ni ya sokoni hapa hapa, nilisoma.

Gari lile aliliuza siku mbili baada ya kutupeleka. Sasa anaendesha kagari kekundu ka viti viwili, na kiti cha pili anawekea mkoba. Chumba kile kilichokuwa stoo yetu amekipaka rangi ya njano akaweka kiti kimoja na meza karibu na dirisha. Nimekiona, alinikaribisha chai. Bado anaimba kwaya, bado anakuja misibani, anamenya ndizi kama zamani, na ukimwita Anti anaitika kwa upole. Ukimwambia kuna mgeni anatua Jumamosi anakwambia gari lake lina viti viwili. Zephania alimsemea kwa padre kwamba amebadilika. Padre akamuuliza amebadilika vipi, na Zephania akashindwa kueleza bila kujiaibisha.

Kwa kuwa mume wangu ni mwenyekiti na masufuria yako kwetu, simu sasa zinakuja kwangu. Watoto wangu ni wakubwa, wanasema, kwa hiyo nina nafasi. Mwezi huu nimempeleka mama yake Elinaza hospitali mara tatu kwa gari la Urbanus, nimekaa naye ndani, nimeeleza tumbo lake. Mwanafunzi kutoka Mbeya amelala nyuma ya kochi langu katikati ya viti kwa wiki mbili. Likizo yangu ya mwezi wa nane imeshapangiwa kipaimara cha mtoto ambaye jina lake silijui.

Jumamosi iliyopita tulikuwa ukumbini tunamenya ndizi, na simu yangu ilikuwa imelia tangu asubuhi. Nikaigeuza uso chini mezani. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, taratibu, kama ninaulizia hali ya hewa.

“Hivi Latvia tuna mtu?”

Zephania aliinua kichwa kwa furaha. “Tunaye,” akasema. “Mtoto wa dada ya mke wangu anasomea meno huko Riga. Nimpigie sasa hivi aje kukupokea?”

Ng'ambo ya meza Asumpta aliweka kisu chini akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Alipomaliza fungu lake la ndizi alinawa, akavaa koti, akapita nyuma ya kiti changu na kunigusa bega.

“Endelea kuuliza, Mama Japhet,” akasema, akatoka kwenda kwenye gari lake.